Sekyuriti Aliyekatazwa Kuuliza Habari za Nyumbani

Ijumaa, siku yangu ya mwisho kazini, nilirudisha redio, tochi, koti la mvua lenye mfuko uliotoboka, na firimbi. Firimbi hiyo katika miaka yangu yote niliipuliza mara mbili tu, na zote mbili kwa sababu ya tumbili. Claudine, dada wa Bukavu anayepokea geti langu, alikuwa amesimama pembeni akiangalia ninavyosaini. Akaniambia, "Papa Neema, uniandikie kidogo. Naenda kukaa kule na watu siwajui. Iko nini kule?"

Swali zuri. Nimekaa kule siku sita kwa wiki, miaka kumi na tisa, na bado sijui iko nini. Lakini nitaandika, kwa ajili yako Claudine na wenzako mnaoanza kazi ya geti. Mambo ya vyeo na mishahara siyagusi. Nitasema nilichokiona, na jambo moja ambalo nusura linifukuzishe kazi.

Siku ya kwanza nilitoka Warwick, soko la Durban, ambako nilikuwa nikibeba mizigo ya wafanyabiashara. Warwick huwezi kupiga hatua kumi bila kusalimiwa, kusukumwa au kutukanwa, na ukikosa vyote vitatu ujue umekufa. Taxi ikapanda milima nje ya Durban, ikanishusha kwenye ukungu, mbele ya geti la mtaa wa matajiri uliozungushiwa uzio. Ukungu naujua, mimi ni mtu wa Uvira, milima yetu inao. Ila huu wa kule ulikuwa juu ya majani yaliyokatwa sawasawa kama nywele za mtoto wa shule. Kimya. Hata mtu mmoja barabarani hakuna. Nikadhani kuna msiba.

Aliyenipokea ni Baba Ngubane, Mzulu mtu mzima, aliyeshika geti kabla yangu. Nikamwuliza, "Baba, watu wako wapi?"

"Wako ndani."

"Wote?"

"Ndiyo maana wamejenga," akasema, akanipa kalamu.

Mengi ya kazi hii nilifundishwa na yeye. Alinifundisha kukagua chuma cha geti kila asubuhi, maana ukungu unaingia kwenye mota na chuma kinagoma katikati, hakiko juu wala chini, na mwenye gari anakutazama kana kwamba umekiroga. Alinifundisha kuandika kitabu cha matukio kwa peni nyeusi, na kutoandika maoni. "Andika 'gari jeupe limeingia'. Usiandike 'gari jeupe limeingia kwa hasira'." Na alinionyesha orodha iliyobandikwa ukutani, nyumba thelathini na mbili na majina ya wenye nyumba. Kila siku nilisoma orodha ile kama Biblia. Nyumba ya kumi na saba: Bwana na Bibi Hallam. Likumbukeni jina hilo.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya kibanda cha geti. Kitanda, jiko la umeme la sahani moja, dirisha linalotazama farasi. Hakikuwa na namba. Kwenye ramani ya mtaa mahali pale pameandikwa "maua". Mke wangu na watoto walibaki Sydenham, kule mjini, naenda kwao Jumapili, nikifika wananiuliza wazungu wanaishije, nami nakosa pa kuanzia.

Kwa mfano, nyumba zao zina majina. Moja inaitwa kwa jina la mto wa Uingereza, na mwenyewe hajawahi kuuona, nilimwuliza. Farasi wanavalishwa makoti jioni, makoti mazito kuliko langu. Watu wanatembea kwa miguu, lakini hawaendi popote! Mtu anatoka na mbwa, anazunguka, anarudi alikotoka, amechoka na amefurahi. Kwetu mtu akitembea ana safari. Na wanaacha ndoo ya malimau nje ya uzio, na karatasi: Tafadhali chukua. Hakuna wa kumshukuru. Uzio wenyewe una umeme. Sasa mimi nishike lipi, karatasi au umeme? Wiki nzima niliipita ile ndoo naiangalia. Mwisho nilichukua malimau mawili, nikagonga kengele ili niseme asante. Sauti ikatoka kwenye kile kisanduku cha ukutani: "Kuna tatizo gani?" Nikasema hakuna tatizo, ni asante ya malimau. Kisha: "Sawa." Nikarudi getini na malimau yangu, nimechanganyikiwa kabisa.

Sasa nifike kwenye salamu, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Nyinyi mnajua tulivyolelewa. Kumpita mtu mzima na kumtupia neno moja ni kama kumtemea mate. Unamwuliza ameamkaje, habari za nyumbani, watoto hawajambo, bwana yupo, amesafiri, atarudi lini, msalimie sana. Hapo ndipo umesalimia. Kwa hiyo mimi, mtu mwenye adabu zangu, kila gari lililosimama nilipeleka uso dirishani nikaanza kwa Kiingereza changu cha wakati ule: "Umeamkaje, Madam? Habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Bwana yuko? Amesafiri? Anarudi lini?"

Wengine walicheka. Wengine walijibu moja wakafunga kioo. Madam Hallam wa kumi na saba, mama mwembamba mwenye gari dogo la kijani na mbwa anayeitwa Biskuti (ndiyo, Biskuti), alisema "Morning" huku akiangalia mbele, kana kwamba mimi niko kule mbele. Sikukata tamaa. Nikasema huyu ana haya tu, atazoea. Basi yeye ndiye niliyemwongezea. Kila siku ya Mungu, miezi minane: "Na Bwana hajambo? Sijabahatika kumwona. Yupo nyumbani? Msalimie sana Bwana." Mikono yake ilikuwa inakaza usukani. Niliona, ila sikuelewa nilichokiona.

Baba Ngubane hakunisikia hata siku moja, kwa sababu tulikuwa tunapokezana zamu, yeye akiingia mimi natoka. Angenisikia angenizuia, nina hakika.

Mwezi wangu wa tisa pale, watu wa nyumba ya nne walisafiri kwenda ng'ambo. Nami niliwauliza pale getini, wamejaa masanduku, mnarudi lini. Wakaniambia. Siku tatu baadaye nyumba yao ikavunjwa. Wezi walipita uzio wa nyuma, upande wa farasi, hawakunigusa mimi wala geti langu. Lakini kamati ya mtaa ikaitisha kikao, na mimi nikaitwa.

Walinipa kiti. Walinipa chai pia, kwenye kikombe cha maua, na hilo lilinitisha zaidi. Mwenyekiti, mzee mwenye farasi wawili, akasoma barua ya mkazi mmoja, jina limefichwa: "Mlinzi wa getini huwauliza wakazi nani yuko nyumbani, watoto wako wapi, mume amesafiri, na atarudi lini. Naiomba kamati ijiulize habari hizi anazipeleka kwa nani."

Mungu wangu! Karatasi zangu za ukimbizi zilitaka mtu mwenye kazi na jina safi. Kodi ya Sydenham ilikuwa juu ya mgongo wangu, Neema alikuwa ameanza shule. Na barua ile haikusema uongo! Kila neno nililisema. Nilipeleka kwa nani? Nilizipeleka kwa Mungu, basi. Waliosafiri niliwaombea wafike salama. Ningewaambiaje hayo watu wale?

Nikasema tu, "Ilikuwa salamu."

Mwenyekiti akarudia taratibu, "Salamu."

Baba Ngubane alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Hakualikwa kusema. Akasema: "Bwana mwenyekiti, mimi nimezaliwa bonde la pili kutoka hapa. Kwetu pia tunauliza hivyo. Mimi niliacha kwa sababu nilichoka kutojibiwa. Huyu bado hajachoka. Lakini mwizi hawezi kuamka kila asubuhi kuwauliza habari za watoto wenu mbele ya kamera."

Walinong'ona, wakanywa chai. Kisha wakanipa karatasi ya onyo la mwisho yenye mambo matatu. Nisalimie kwa kupunga mkono. Nisimwulize mkazi swali lolote la nyumbani kwake. Nisikanyage kwenye nyumba ya mkazi bila kuitwa. Nikikosa moja, kazi imekwisha. Nikasaini.

Mke wangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. "Papa Neema, tangu uchumba nakuambia unauliza kama polisi." Halafu akalia. Mimi sikucheka wala kulia. Nilikuwa na hasira na mtu nisiyemjua. Nilimwandalia maneno siku nikimjua, mengine kwa Kifaransa maana yanauma zaidi.

Nikawa mtu wa mkono. Miaka minane, mkono juu, mkono chini. Na hapa ndugu zangu kuna kitu cha kushangaza. Mtu aliyekatazwa kuuliza anaanza kuangalia. Nikajua nani amelala vibaya kwa jinsi anavyobadili gia. Nikajua pazia gani hufunguliwa saa ngapi, nani ametoa pipa la taka na nani kasahau, nani anaficha ufunguo wapi. Wakati nauliza sikujua lolote. Baada ya kukatazwa ndipo nikawa jasusi wa kweli, na hakuna aliyelalamika, wananipungia tu.

Bwana Hallam peke yake ndiye aliyenishinda. Sikumwona hata mara moja. Kwanza nikadhani ni mgonjwa wa ndani. Halafu nikadhani wameachana. Halafu nikaacha kudhani, kwa sababu orodha ilisema yupo, na macho yalisema hayupo, na nilikuwa nimesaini kutouliza.

Madam alianza kuzeeka. Aliacha gari, akawa anapita kwa miguu na Biskuti saa moja na nusu asubuhi, fimbo mkononi, hadi kwenye ndoo ya malimau na kurudi. Anapunga. Napunga.

Jumanne moja hakupita.

Saa mbili nikapiga simu ya ndani kutoka kibandani. Haikupokelewa. Nikapiga kwa jirani yake wa kumi na nane. Akaniambia kwa upole, "Yule anapenda faragha yake. Mpe mpaka kesho." Nikaita ofisini kwa redio. Wakasema mkazi ana haki ya kutopokea simu. Nikampigia Baba Ngubane, aliyekuwa amestaafu, yuko kwake na mbuzi zake.

"Ulisaini?" akauliza.

"Nilisaini."

"Mimi si mtu wa kazi tena, mwanangu. Hilo ni lako."

Na mimi, Claudine, siku ile nzima nilikaa. Nataka ulisome hili vizuri. Nilikaa kibandani, nikainua chuma, nikateremsha chuma. Niliwaza watoto, niliwaza karatasi, niliwaza kikombe cha maua. Jioni pazia lake lilikuwa vilevile. Kwenye kitabu cha matukio nikaandika: hakuna tukio. Aibu ya mstari ule ninayo mpaka leo.

Asubuhi ya pili kulikuwa na ukungu mzito, na kwenye ukungu nikasikia Biskuti. Hakubweka. Alikuwa analia kwa sauti nyembamba. Nikainua chuma cha geti nikakiacha wazi, kosa ambalo hata mlinzi mlevi hafanyi, nikakimbia. Ufunguo ulikuwa chini ya chungu cha tatu cha maua, upande wa jiko. Nilijua.

Alikuwa sakafuni jikoni. Amevuta kitambaa cha meza akajifunika, mguu umekaa vibaya, mbwa amemlalia kifuani. Macho wazi. Nikaita gari la wagonjwa kwa redio, nikampa maji kidogo ya kulowesha midomo tu, nikavua koti nikamfunika. Kisha nikapiga magoti. Mdomo ukasema kile unachokijua.

"Umeamkaje, Madam?"

Akaniangalia. "Vibaya," akasema. "Vibaya sana."

Miaka yote ile, hilo lilikuwa jibu lake la kwanza.

"Habari za nyumbani?"

"Nyumbani nipo mimi na Biskuti."

"Watoto hawajambo?"

"Mmoja. Yuko Australia. Hajui kama nimeanguka."

Swali lililofuata mnalijua. Yeye akalijibu kabla sijauliza.

"Arthur alikufa," akasema. "Mwezi mmoja kabla wewe hujaja. Na wewe kila asubuhi ukaniuliza kama yupo nyumbani, ukaniambia nimsalimie." Akapumua. "Nilishindwa kukuambia. Nikiwa garini nilijiandaa, nikifika getini nilishindwa. Ilikuwa rahisi zaidi kuandika kwamba wewe ni mwizi."

Basi ndiye. Maneno yangu yote niliyoyaweka akiba, na yale ya Kifaransa, niliyatafuta hayakuja. Nilichokiona ni mikono yake kwenye usukani, miezi minane, na mimi nimeingiza kichwa dirishani natabasamu. Kwetu ningejua! Ningeona viti nje, ningesikia watu wanaimba, ningekuta mama wa watu amekaa kwenye mkeka, hata mpita njia angejua. Kule hawakutoa kiti hata kimoja. Hata orodha hawakuifuta.

"Pole sana, Madam," nikasema. "Pole kwa msiba." Nilikuwa nimechelewa miaka karibu tisa. Nilitokwa na machozi, sioni aibu kusema.

Halafu nikakaa sakafuni kabisa, mgongo kwenye kabati, kama mtu aliyekuja matangani, nikamwuliza Bwana Arthur aliugua nini. Akaniambia. Nikauliza alikuwa mtu wa namna gani. Akaniambia alikuwa mkaidi, alipanda ule mlimau wa nje kwa mikono yake na ndiye aliyeanza mambo ya ndoo. Aliongea mpaka gari la wagonjwa likafika.

Kamati iliniita tena. Chai tena, kikombe kilekile au ndugu yake. Mwenyekiti akasema wananishukuru. Kisha akakunja uso. "Lakini ulijuaje ufunguo uko wapi?"

"Kwa sababu mlinikataza kuuliza," nikasema.

Hakuna aliyenielewa, wakapita kwenye jambo linalofuata. Onyo langu halikufutwa wala halikutumika. Liko kwenye faili mpaka leo, na mimi sijui nilisamehewa au nilisahauliwa.

Madam alirudi baada ya miezi mitatu, na chuma kwenye nyonga, ndani ya gari la kijani akiendeshwa na msichana wa kazi. Likifika getini linasimama. Kioo kinashuka. Anasubiri. Mara ya kwanza nilipunga mkono, kama nilivyosaini. Kioo hakikupanda. Nikaangalia kamera, nikamwangalia yeye, nikasogea. "Umeamkaje, Madam?" Tangu siku hiyo kila asubuhi tulikwenda mpaka mwisho, nyumbani, mtoto, Biskuti, mguu, huku magari nyuma yanapiga honi. Wazungu wanapiga honi! Sikuwahi kuwasikia kabla.

Ijumaa, baada ya kurudisha redio, alikuja. Akashusha kioo kabla yangu, akaanza yeye, na nafikiri alikuwa amejizoeza: "Umeamkaje? Habari za nyumbani? Mama Neema hajambo? Unasafiri? Unarudi lini?"

Mimi niliyekaa pale miaka kumi na tisa, nikitaka kurudi itabidi nipigiwe simu, niandikwe kwenye kitabu cha wageni, nisaini saa ya kuingia na ya kutoka. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Nitawaambia getini."

Getini ni wewe, Claudine. Chuma ukikague asubuhi, peni iwe nyeusi, malimau uchukue bila kugonga kengele. Watu wote wapungie mkono, ndivyo utakavyosaini. Lakini gari la kijani likisimama usogee dirishani. Kwenye orodha bado imeandikwa Bwana na Bibi Hallam. Nilimwuliza kama nimfute Bwana, akasema niache. Muulize amelalaje, muulize mtoto wa Australia, muulize mguu. Na habari za Bwana usiogope, muulize pia. Siku hizi anajibu.